Kanda ya Mwalimu Birtwell

Mimi ni mtu wa watu. Niweke kwenye foleni ya mkate, nikifika mbele nitakuwa nimeshajua nani kaachwa na nani karudiana. Nilizaliwa Salford, juu ya saluni ya mama yangu, na shule yangu kubwa ilikuwa pale chini, kwenye viti vya kukaushia nywele, ambako wanawake walitoboleana siri kwa kelele kwa sababu mashine ziliwaziba masikio. Kwa hiyo hadithi ninazo. Za studio peke yake nikianza kuzitoa, chai itapoa mara tatu. Lakini hii sikuwahi kumpa mtu yeyote kwa miaka thelathini na minane, si mume wangu, si padri, na siku nilipoitoa niliitoa vibaya.

Kazi yangu ilikuwa kupiga kanda. Mwaka 1971, kwenye kampuni moja ya televisheni pale Manchester ambayo jengo lake siku hizi ni fleti za watu wenye mbwa wadogo, nilikaa nyuma ya mashine tatu kubwa kama majokofu. Fundi wa sauti akiinua kidole, mimi naachia kanda: mlango unabamizwa, mvua inanyesha, farasi anapita. Wanawake wa kazi hiyo tulikuwa wangapi? Mimi. Wakubwa walinivumilia kama watu wanavyomvumilia paka aliyeingia kanisani. Nilishapewa onyo mara mbili, zote kwa kosa lile lile la kuchelewa kutoka kantini, na waliniambia wazi kwamba la tatu halitakuwa onyo.

Mwaka huo tulikuwa tunatengeneza mchezo wa watoto ulioitwa Watu wa Chumvi. Vipindi saba, kila Jumamosi jioni. Ni habari za kijiji cha Cheshire kilichojengwa juu ya migodi ya chumvi, ardhi inazama kidogo kidogo, na watoto wanasikia watoto wa zamani wakiwaita kutoka chini. Hadi leo kuna watu wazima wenye wajukuu ambao hawapitishi kikopo cha chumvi mezani bila kusisimkwa. Waulize kwa nini, hawaanzi na mgodi wala watoto. Wanaanza na ule muziki.

Muziki uliletwa na mwalimu wa fizikia. Hedley Birtwell wa Oldham, mrefu, mwembamba, na vibanio vya baiskeli kwenye miguu ya suruali ambavyo hakuvitoa hata akiingia kikaoni. Alitunga nyumbani, chumba cha nyuma, kwa vijisanduku vya umeme vya kutoa milio alivyoviunda mwenyewe, pamoja na wembe na gundi. Anarekodi kitu, anakata kanda vipande, anaviunga upya, anapunguza mwendo mpaka kitu chenyewe usikitambue. Chupa ya maziwa ikawa kengele. Cherehani ya mkewe ikawa sijui nini, kitu kinachotembea. Siku hizi simu inafanya hayo yote ukiwa chooni. Yeye ilimchukua wiki tano kupata dakika mbili na sekunde kumi.

Sasa nieleze jambo moja la kazi, maana ndilo lililoniangusha. Kanda ikikaa imeviringishwa, sauti ya mzunguko mmoja hujichapa kidogo kwenye mzunguko wa jirani, kama wino wa gazeti kwenye chipsi. Ukiihifadhi mwanzo ukiwa nje, utasikia kivuli cha sauti kabla ya sauti yenyewe. Wenye kujali huihifadhi mwisho ukiwa nje, ili kivuli kije nyuma na kufunikwa na mwangwi. Studio yetu haikujali. Kanda zetu zote zilikaa mwanzo nje, tayari kwa kupigwa. Mwalimu Birtwell alijali. Alibandika utepe wa kijani mwanzoni na mwekundu mwishoni, kisha juu ya boksi akaandika kwa penseli, kwa mwandiko wa ubaoni: MWISHO NJE. RUDISHA KWANZA, NDIPO UPIGE.

Alhamisi ya kuunganisha sauti mimi nilikuwa kantini. Meza imejaa, watu wamesimama hadi mlangoni, na nilikuwa nawahadithia habari za msomaji taarifa mmoja na wigi lake lililonaswa na feni. Nilikuwa sijafika kwenye feni. Nani anaondoka kabla ya feni? Nilipotazama saa, dakika nne zilikuwa zimenipita.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Mwongozaji wetu, Lionel Peake, alikuwa amekaa na skafu yake ya hariri, anagonga penseli mezani.

"Malkia amefika," akasema. "Tusimame?"

"Samahani, Lionel. Choo."

"Choo chako kina kicheko kikubwa, bibie. Tumekisikia hadi huku."

Ged Mulvey, fundi, akainua kidole. Nikanyakua boksi la juu, nikatoa kanda, nikaipitisha kwenye vichwa vya mashine, nikaachia. Sikusoma. Sikuangalia rangi. Nilikuwa nahema kama mbwa.

Kilichotoka sikuwahi kukisikia maishani. Sauti ilikuwa inaanza mbali, haina mwanzo, inavimba, inavimba, halafu inakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Halafu nyingine. Kitu kikawa kinatembea, lakini kila hatua ilisikika kabla mguu haujagusa chini. Nywele za mkono zilinisimama. Lionel akaacha kugonga penseli.

Mwishoni kabisa, kipande cha utepe kikapita mbele ya macho yangu. Cha kijani.

Nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimeipiga yote kinyumenyume, kuanzia mwisho hadi mwanzo.

"Yule mwalimu," Lionel akasema polepole, "ama ni kichaa ama ni malaika."

Ged akanigeukia. Yeye alikuwa na masikio. "Ndivyo inavyotakiwa, Noreen?"

"Ndivyo ilivyokuja," nikasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kibarua kilichoning'inia kwa uzi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ningeweza kusema, tungecheka, tungeirudisha, ingetuchukua dakika tatu. Nilikaa kimya, mimi ambaye sijawahi kukaa kimya hata msibani.

Jumamosi ikarushwa. Jumatatu simu za studio zilikuwa hazipokeleki. Akina mama wanalalamika, watoto hawataki kwenda chooni peke yao, na magazeti mawili yakaandika kuhusu ule muziki tu. Saa ya chakula cha mchana nikamwona Mwalimu Birtwell akiegesha baiskeli yake uani. Alikuwa ametoka shuleni bila ruhusa, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakwenda kwa Lionel. Alikuja kwangu, kwenye ngazi.

"Bi Tattersall, samahani kukusumbua. Kuna mtu aliigeuza kanda yangu?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Alikuwa mpole, hakuwa na hasira, angenisamehe pale pale kwenye ngazi.

"Ni Lionel," nikasema. "Aliisikia ilivyo, akasema tuigeuze."

Ningeishia hapo ingekuwa uongo wa kawaida. Lakini mimi hadithi ikiwa na shimo siwezi kuliacha. Nikamwona anasubiri, nikaongeza. "Alisema ilivyo ni ya kawaida mno. Kama ule muziki wa kwenye lifti, usiosikilizwa na mtu."

Hilo la lifti nililitunga palepale. Lilikuwa zuri, ndilo lililonipendeza.

Uso wake haukubadilika sana. Masikio tu ndiyo yaliyokuwa mekundu. "Sawa," akasema. "Ni afadhali mtu kuujua ukweli. Nakushukuru."

Akanishukuru. Akapanda baiskeli, akarudi kufundisha.

Lionel alipokutana naye wiki iliyofuata alimkumbatia koridoni, akamwita bingwa, akasema zile sauti, kama mtu anayevuta pumzi, zilikuwa kitu cha ajabu. Mwalimu aliangalia viatu vyake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na trei ya chai, na nilijua anachofikiri: kwamba anasutwa. Vipindi sita vilivyobaki akaleta muziki mwingine, wote umetungwa kinyumenyume tangu mwanzo. Ulikuwa mzuri tu. Akaendelea hivyo miaka sita kwa kampuni mbalimbali, halafu akaacha, akabaki na fizikia. Lionel alifariki mwaka 1988. Nilienda mazishini, nikawachekesha watu kwenye chakula, na ndani yangu nikasema, sasa hakuna wa kuniumbua.

Tuje 2009. Mchezo wa Watu wa Chumvi ulikuwa umezeeka ukapata mashabiki. Kila mwaka wanakusanyika kwenye ukumbi wa maktaba ya zamani, Jumamosi mchana, watu mia moja na arobaini wenye fulana zilizochapwa mgodi, na kila mwaka wananialika, maana waigizaji wengi wamekufa na mimi ukinipa maikrofoni huhitaji mwingine. Habari ya wigi na feni wanaijua kwa moyo. Wananitangulia kuisema.

Mwaka huo Hetal Solanki, mwanamke wa Leicester mwenye kampuni ndogo ya kutoa santuri za muziki wa zamani, alikuwa anaandaa santuri ya muziki wa Birtwell. Alinivuta pembeni penye birika kubwa la chai.

"Shangazi Noreen, nisaidie. Mwalimu amenipa maboksi arobaini na moja. Moja amekataa. Ni ule muziki wa mwanzo, jinsi alivyoutunga yeye kabla haujageuzwa. Kanda ile ile halisi."

Nikaweka kikombe chini. "Amekataa kwa nini?"

"Anasema mwongozaji aliukataa na alikuwa na haki. Anasema anasafisha chumba, Jumanne gari la taka linapita, na hilo boksi litakwenda nalo. Nimembembeleza hadi nimechoka. Nyinyi mnajuana tangu zamani. Ongea naye, wewe hukosi maneno."

Jumanne. Ilikuwa Jumamosi.

Nilimwona amekaa safu ya tatu, pembeni, na koti lake magotini. Miaka sabini na minne. Vibanio vya baiskeli bado. Nikamchukulia chai, nimeshikilia sentensi yangu mdomoni kama yai: Mwalimu, Lionel hakuwahi kusema vile.

"Bi Tattersall," akasema. "Bado unazungumza?"

"Mpaka wanizike, Mwalimu. Na hapo nitamsumbua mchimba kaburi."

Akatabasamu. Sentensi yangu ikapotea. Nikamuuliza kuhusu njia, kama kulikuwa na upepo. Akaniambia kulikuwa na upepo.

Kisha tukaitwa jukwaani, viti vitatu. Hetal katikati, mimi kushoto, yeye kulia. Hetal akaupiga ule muziki, ule unaojulikana, na ukumbi mzima ukanyamaza kama kanisa. Ulipokwisha, akamuuliza, "Mwalimu Birtwell, ulifikaje kwenye sauti hii?"

Akashika maikrofoni kwa mikono miwili. "Sikufika," akasema. "Nilitunga kitu kingine. Nilidhani watoto wale wa mgodini wana huzuni, si kwamba wanatisha. Nikaleta kitu cha kawaida mno, kama muziki wa lifti. Marehemu Lionel Peake alikisikia, akajua kisichofaa, akakigeuza. Kwa hiyo mnachokipenda ni sikio la Lionel. Nimepongezwa miaka mingi kwa kitu ambacho si changu, na nimeona aibu kila mara. Nashukuru kupata nafasi ya kusema."

Alilikumbuka lile neno langu la lifti. Alikuwa amelibeba miaka thelathini na minane kama risiti mfukoni.

Watu wakanung'unika kwa huruma. Mimi nikasikia sauti yangu inasema, "Lionel hakugeuza kitu."

Nikaeleza. Na hapa lazima niseme kweli kuhusu hiyo kweli. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mwenyewe pale kwenye chai, nikashindwa. Mbele ya watu niliweza kwa sababu mbili. Ya kwanza, nikiwa na ukumbi uliojaa siogopi kitu. Ya pili, nilijua mtu mpole kama yule hatanifokea mbele ya watu mia moja na arobaini. Nilijificha nyuma yao.

Na nikaeleza jinsi ninavyojua kueleza. Nikaanza na kantini. Nikaweka wigi. Watu wakaanza kucheka, nikasikia kicheko, na mdomo wangu ukakifuata kama farasi anayejua njia ya zizini. Choo chenye kicheko, nikaiga sauti ya Lionel. Kidole cha Ged. Mimi nahema kama mbwa. Nilipofika kwenye utepe wa kijani nikanyamaza kidogo, kama inavyotakiwa, nikatoa macho, na ukumbi ukalipuka. Watu walijishika mbavu. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Noreen malkia." Wakapiga makofi, wengine wamesimama. Nilikuwa nataka kusema nimemharibia mtu maisha, na nilikuwa nimepata makofi makubwa kuliko yote niliyowahi kupata.

Nikageuka. Kiti cha kulia, cha Mwalimu, kilikuwa wazi.

Nilimkuta kwenye vigingi vya makoti, mkono mmoja umeingia kwenye koti na mwingine bado. Hakuwa akiuharakisha.

"Wamecheka vizuri," akasema.

"Mwalimu, nisamehe. Sikutaka wacheke."

"Umeshaihadithia mara ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza. Naapa."

"Hapana." Alisema bila ukali, kama anasahihisha hesabu. "Imenyooka mno. Ulijua mahali pa kunyamaza."

Nikafungua mdomo nimkatalie, nikaona ana haki. Sikuwahi kuihadithia kwa mtu. Lakini kichwani, nikiosha vyombo, nikisubiri basi, nilikuwa nimeihadithia mara elfu, nikiipunguza hapa, nikiinyoosha pale. Nilidhani ni majuto. Kumbe nilikuwa nafanya mazoezi.

Akakaa kwenye benchi. "Kwa hiyo Lionel hakuisikia."

"Hakuisikia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Mwalimu. Hakuna aliyeisikia."

"Na lile la lifti?"

Nilitamani sakafu ifunguke. "La kwangu."

Akatikisa kichwa polepole, muda mrefu. "Nilijifunza kutunga upya kwa sababu ya lile neno, unajua? Nilisema sikio langu limekaa vibaya, lazima nilipindue. Kila kitu nilichokifanya baada ya hapo nilikuwa nakimbia lifti." Akaingiza mkono wa pili kwenye koti. "Njoo nyumbani Jumatatu saa nne asubuhi. Usije na mtu. Na tafadhali usije na hadithi."

Jumatatu nilipanda mabasi mawili hadi Oldham, sikuzungumza na mtu hata mmoja. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Enid, mfupi, na futi ya kushonea shingoni, pini kwenye kola. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ndiwe?"

"Ndimi, mama."

"Mama yako alikuwa na saluni, Hedley amenieleza. Mimi si mama yako. Pangusa miguu."

Nikapangusa.

"Miaka thelathini na minane," akasema akinitangulia ndani, "nimeishi na mwanamume anayeamini cherehani yangu ilifanyiwa usaili ikashindwa. Nilimwambia huyo Lionel labda hata hakuisikia, mpigie simu, muulize. Hapana, Enid, Bi Tattersall amenieleza ukweli, amekuwa mwungwana. Mwungwana! Chai unaweka sukari?"

"Naweka vijiko viwili."

"Leo utaweka kimoja."

Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, rafu zimeachwa na alama za vumbi mahali palipokaa maboksi. Mashine moja imebaki mezani, na boksi moja kando yake. Mwalimu alisimama aliponiona. Nikanyoosha mkono kulisogeza boksi nipate pa kuweka kikombe, naye akalivuta upande wake haraka, halafu akaona haya kwa kulivuta. Akairudisha kanda mwenyewe hadi mwanzo, akaipitisha mwenyewe, mikono yake inajua kila kona. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Enid akabaki mlangoni.

Akaipiga.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwenye basi nilijiambia, Noreen, utaisikia na utalia, utamwambia ni nzuri kuliko ile, na utatoka pale umesamehewa. Nilikuwa na leso mkononi kabisa.

Ikaanza kwa pigo, la chupa nadhani, likafifia taratibu hadi kimya. Lingine. Chini yake ile cherehani iliyopunguzwa mwendo, inatembea, safari hii mguu unagusa chini kwanza ndipo unasikia. Nikasubiri. Kila pigo lilipofifia, kichwa changu kililigeuza, kikalivimbisha, kikalikata. Nilikuwa nasikia ile nyingine. Nilijilazimisha, nikafumba macho, nikaona skafu ya Lionel, nikasikia kicheko cha ukumbi. Dakika mbili na sekunde kumi zikapita na sikuwa nimeisikia kabisa.

Mashine ikazunguka tupu. Akaizima.

"Je?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari, tena mzuri. Ulikuja wenyewe, umevaa nguo: Mwalimu, nimewasikia wale watoto. Angefurahi. Ningetoka na sukari yangu ya pili. Enid alikuwa ananitazama mdomo, si macho.

"Sijui," nikasema. "Siwezi kuisikia, Mwalimu. Masikio yangu yanaigeuza. Ile nyingine imeingia mno."

Nilisubiri anifukuze. Leso ilikuwa kavu na niliiona ya kijinga, nikaiingiza kwenye mkono wa sweta.

Akakaa. "Mimi pia," akasema.

"Nini?"

"Mimi pia siwezi. Tangu Jumamosi nimeipiga mara ishirini. Nakumbuka kwa nini niliweka kila pigo, naweza kukuchorea ubaoni. Lakini kuisikia, hapana. Ile nyingine imenikalia kichwani, nimeisikia madukani, kwenye simu za watu, shuleni watoto waliniimbia. Nilidhani wewe labda. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Hapo ndipo nilipojua nilichomwibia. Miaka yote nilikuwa nikijihukumu kwa jina na sifa, vitu ambavyo mtu anaweza kurudishiwa kwa tangazo. Kumbe nilimnyang'anya hata yeye mwenyewe, sikioni mwake, na hapakuwa na tangazo la kulirudisha hilo. Sikulia. Kulia kungekuwa kumwomba anipe kitu kingine tena.

"Mimi naisikia," Enid akasema pale mlangoni.

Tukamgeukia.

"Mnanitazama nini? Sijawahi kuutazama huo mchezo wenu hata siku moja. Jumamosi jioni nilikuwa na kwaya, na baada ya hapo nilikuwa na hasira. Ikianza popote natoka nje. Mimi najua moja tu, hii, ilivyokuwa inatengenezwa nikiwa nakaanga viazi." Akaja hadi mezani, akachukua boksi, akalibana kwapani kama mkoba. "Ni nzuri. Ina huzuni, haina haraka. Haiendi kwenye gari la taka. Kuna watu huko duniani hawakuutazama mchezo wenu, Hedley, niamini. Wengi tu. Mpe yule msichana wa Leicester."

"Enid, Lionel hakui..."

"Lionel hakuisikia. Ndicho nilichokwambia mwaka sabini na moja."

Mwalimu alimtazama mkewe. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya Hetal, ile ya majina ya kuandikwa kwenye jalada. Kwenye mstari wa muziki wa kwanza akaandika jina lake. Kwenye wa pili, ule unaojulikana na watu, akaandika jina lake tena, kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Tattersall ni T mbili au moja katikati?"

"Mwalimu, usifanye hivyo. Tafadhali."

"Mbili au moja?"

"Mbili. Lakini watu watanipongeza. Watanisimamisha dukani."

"Watakupongeza, ndiyo," akasema. "Mimi wamenipongeza miaka thelathini na minane. Si zawadi, Bi Tattersall, wala si adhabu. Ile kanda mimi niliitunga na wewe uliigeuza. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naandika kilichotokea."

Akaandika. Mwandiko wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima.

Enid ndiye aliyenitoa hadi mlangoni, boksi bado kwapani, kama vile aliogopa tusije tukabadili mawazo nyuma yake. Nje kulikuwa kunanyunya. Nikafunga skafu yangu kichwani.

"Sasa watakuuliza," akasema. "Kila mahali. Wewe ndiye mwenye mdomo."

"Nitasema ilivyokuwa."

"Bila kuwachekesha?"

Nikamwambia nitajaribu. Akafunga mlango taratibu, nikasikia komeo.

Basi nimejaribu. Kama kuna mahali umecheka, hapo nimeshindwa.